Kipima tope cha maji cha mkononi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wale wanaobeba mita ya tope kwenda nayo kazini: wahudumu wa mitambo midogo ya maji, mafundi wa jumuiya za watumia maji, maofisa afya na wanafunzi wa maabara. Mita nyingi za mkononi zinafanya kazi kwa namna moja, ila vitufe na idadi ya standadi, yaani vimiminika vyenye tope la kiasi kinachojulikana, hutofautiana. Kwa hayo mawili fuata kitabu cha mita yako. Ama kuhusu usafi wa kichupa, kile cha kioo unachojaza sampuli, usimsikilize mtu yeyote anayekuhimiza uharakishe.

Mita inapimaje tope?

Ndani yake kuna taa inayopiga mwanga katikati ya kichupa. Chembe za udongo, mwani, kutu au shabu iliyoganda zikikutana na mwanga huo huutawanya pande zote. Kihisi kimewekwa pembeni, nyuzi 90 kutoka njia ya mwanga, nacho hupokea ule uliotawanyika kuelekea upande wake. Maji maangavu huuacha mwanga upite moja kwa moja, kwa hiyo kihisi karibu hakioni kitu. Maji ya tope hung'aa mbele yake.

Mng'ao huo ndio unaogeuzwa kuwa namba, kwa kulinganishwa na mng'ao wa standadi ulizoiwekea mita siku ya ugezi, yaani kalibresheni. Mita haihesabu chembe wala haipimi uzito wa udongo. Inalinganisha tu. Standadi zikiwa mbovu, kila namba itakayotoka baadaye ni mbovu, hata kama skrini inaonyesha desimali mbili.

NTU na FNU ni kitu kimoja?

Vyote viwili ni vizio vya kupimia tope. Kwenye standadi zinatoa namba ileile, kwa sababu zote mbili zimejengwa juu ya fomazini, kimiminika cheupe cha maabara kinachotumika kama standadi ya msingi. Kwenye maji ya mto zinaweza kuachana. NTU hutumika kwa mita zenye taa ya mwanga mweupe, kwa utaratibu wa Marekani unaoitwa EPA 180.1. FNU ni ya mita zinazotumia infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ya takriban nanomita 860, kwa utaratibu wa ISO 7027. Mwanga mweupe huziona vizuri zaidi chembe ndogo sana, lakini hudanganywa na maji yenye rangi. Infraredi haisumbuliwi sana na rangi.

Kwa mradi wa kijiji aina yoyote inafaa. Kisichofaa ni kutumia moja masika na nyingine kiangazi, kisha kuchora mstari mmoja kwenye grafu. Andika aina ya mita kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Tunaweka klorini. Tope linatuhusu nini?

Linawahusu sana, na hapa ndipo ningependa kila mhudumu wa maji atulie asome pole pole.

Kwanza, chembe huwaficha vijidudu. Bakteria aliyejishikiza ndani ya punje ya udongo hafikiwi na klorini kwa urahisi. Pili, mabaki ya majani na mboji yanayokuja na tope hula klorini kabla haijamfikia mdudu. Unaweka dozi ileile ya kila siku, lakini mabaki ya klorini kwenye bomba la mwisho yanatoweka. Tatu, tope linalopanda ghafla ni habari: chujio limepasuka, dozi ya shabu haitoshi, au maji ya juu ya ardhi yameingia kwenye chemchemi iliyodhaniwa imefungwa vizuri.

Shirika la Afya Duniani linashauri maji yawe chini ya 1 NTU kabla ya kuwekwa klorini, na pale uwezo ni mdogo yasizidi 5 NTU. Mitambo mikubwa yenye machujio hulenga 0.3 NTU au chini yake kwenye maji yanayotoka kwenye chujio. Kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 12, kinaruhusu 5 NTU kwa maji ya kunywa yaliyotibiwa na 25 NTU kwa maji ya asili. Hiyo 25 isikulegeze mkono. Ni mpaka wa kisheria kwa maji ambayo hayajapita kwenye mtambo, na klorini haifanyi kazi vizuri zaidi kwa sababu sheria imeruhusu.

Mfano ambao wahandisi wa maji bado wanaufundisha ni wa Milwaukee, Marekani, mwaka 1993. Tope la maji yaliyokwisha kutibiwa katika mtambo mmoja wa jiji lilipanda hadi 1.7 NTU mwezi Machi. Kwa macho maji hayo ni maangavu kabisa. Ndani yake alikuwamo kimelea aitwaye Cryptosporidium, ambaye klorini haimtishi, na inakadiriwa watu 403,000 waliugua. Jicho la kawaida huanza kuona tope kwenye glasi karibu na 4 NTU. Chini ya hapo unaitegemea mita peke yake.

Kwa kutibu maji nyumbani, dozi inayopendekezwa mara nyingi ni takriban miligramu 2 za klorini kwa lita kwa maji maangavu, na maradufu yake maji yakiwa kati ya 10 na 100 NTU. Yakizidi hapo, tuliza kwanza au gandisha kwa shabu. Kumimina klorini zaidi kwenye maji ya tope ni kupoteza dawa na kuwapa watu maji yenye harufu watakayoyakataa, wakarudi mtoni.

Basi maji yakiwa na 0.5 NTU ni salama?

Hapana. Maji ya visima na chemchemi nyingi kuzunguka Mlima Meru ni maangavu, na yana floridi ya kuharibu meno na mifupa. Visima vya pwani vinaweza kung'aa huku vikiwa na chumvi. Vijidudu vinaweza kuwamo bila tope. Mita inakueleza kama hatua inayofuata ya matibabu itafanya kazi, basi.

Ugezi na uhakiki vinatofautianaje?

Ugezi, au kalibresheni kama wengi tunavyosema kazini, ni kuifundisha mita upya: unaipa standadi kadhaa na yenyewe inachora mstari wake ndani. Uhakiki ni kuiuliza kama bado inakumbuka: unaweka standadi moja unayoijua thamani yake, unasoma, unaandika. Uhakiki haubadilishi chochote ndani ya mita.

Wengi hufanya ugezi kila asubuhi wakidhani ni uangalifu. Ukifanya ugezi kwa standadi iliyochoka au kichupa chenye alama ya kidole, umefuta mstari mzuri na kuweka mbaya. Hakiki kila siku unayotumia mita. Fanya ugezi pale tu uhakiki unapokuambia ufanye, au muda wake ukifika.

Muda wenyewe ni upi?

Watengenezaji wengi wanasema angalau kila miezi mitatu. Fanya pia baada ya kubadilisha taa, baada ya mita kuanguka, ikitoka kwa fundi, na pale uhakiki unapotoka nje ya asilimia 10 ya thamani iliyoandikwa hata baada ya kusafisha kichupa na kurudia. Kwa standadi ya 10 NTU, hiyo ni kati ya 9 na 11.

Ninunue standadi za aina gani?

Mama wa zote ni fomazini, inayotengenezwa kwa kuchanganya hidrazini salfeti na heksametilinitetramini na kuiacha saa 24 kwenye nyuzi joto 25. Inatoka ikiwa 4000 NTU, kisha inazimuliwa. Hidrazini ni sumu na inashukiwa kusababisha saratani, hivyo kazi hiyo ibaki maabara yenye glavu, miwani na mtu aliyesomea. Fomazini iliyozimuliwa kwa maji ya kawaida huharibika haraka. Izimuliwe siku hiyohiyo ya kutumika.

Kwa kazi ya nje nunua fomazini iliyoimarishwa, inayokuja ndani ya vichupa vilivyofungwa, mara nyingi seti ya chini ya 0.1, 20, 100 na 800 NTU, pamoja na 10 NTU ya uhakiki. Usiizimue kwa maji: uimara wake unatoka kwenye kimiminika ilichotengenezwa nacho.

Zipo pia standadi za chembe za plastiki. Ni nzuri na hazina sumu, ila zimetengenezwa kwa ajili ya modeli maalumu ya mita. Ya modeli moja ukiiweka kwenye nyingine inatoa namba isiyo na maana, ingawa kichupa kinaingia vizuri kabisa.

Zile za jeli ni za uhakiki tu. Baada ya kila ugezi zisome upya na uandike thamani yake mpya kwa mita hiyo.

Bei ya standadi inauma, najua. Bajeti ikibana, heri mita ya bei ya kati yenye standadi ambazo hazijapitwa na muda kuliko mita ghali yenye standadi za miaka minne iliyopita. Weka standadi kwenye mpango wa fedha wa kila mwaka kama unavyoweka klorini.

Nipeni hatua za ugezi, moja baada ya nyingine.

Tafuta meza iliyotulia, kivulini, mbali na jua la dirishani. Toa mita na standadi kwenye begi mapema ili zote zifikie joto la chumba. Angalia betri, betri dhaifu huifanya taa kuyumba. Angalia tarehe ya mwisho ya kila kichupa cha standadi.

Sasa amsha standadi. Chembe za fomazini hutulia chini zikikaa. Kama seti haijaguswa kwa zaidi ya wiki, tikisa kila kichupa kwa nguvu dakika mbili hadi tatu, kiache kitulie dakika tano mapovu yatoke, kisha kipindue juu chini taratibu mara tano hadi saba. Kama ilitumika juzi, kupindua kunatosha. Kichupa cha chini ya 0.1 NTU ndicho pekee usichokitikisa wala kukipindua: ukikitikisa unakiingizia mapovu, na povu moja linatosha kukiharibia thamani yake.

Shika kichupa kwenye kifuniko, kamwe usishike kioo. Kifute kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Weka tone dogo la mafuta ya silikoni, lisambaze kote kwa kitambaa chake maalumu, futa mpaka kioo kionekane kikavu. Inua kwenye mwanga ukague: hakuna nyuzi, hakuna alama ya kidole, hakuna tone la maji chini. Kiingize ukilinganisha alama ya kichupa na alama ya mita. Funga kifuniko.

Bonyeza kitufe cha ugezi. Mita itaomba standadi kwa zamu, na itakuambia ianze na ipi. Soma skrini kila mara kabla hujabonyeza, kwa sababu kosa linalotokea sana ni kuweka 100 mahali ilipoomba 20, na baadhi ya mita hukubali bila kulalamika.

Ukimaliza, hifadhi, kisha hapo hapo weka standadi ya uhakiki ambayo haikutumika kwenye ugezi. Ikisoma ndani ya asilimia 10, andika tarehe, jina lako, namba ya toleo la standadi na usomaji. Isiposoma, ugezi huo haujakubalika.

Standadi ya chini imeisha. Naweza kutumia maji ya betri?

Kusuuzia vichupa, ndiyo, mradi una hakika ni maji yaliyokenekwa na si asidi. Kuna maduka yanayoviita vyote viwili maji ya betri, kwa hiyo soma lebo. Kuweka sifuri, hapana. Maji hayo yameondolewa madini, lakini hakuna aliyeahidi kwamba hayana vumbi la chupa. Maji ya chupa ya dukani pia hayafai. Hata maji yaliyochujwa kwa chujio laini kabisa hayafiki sifuri halisi, kwa sababu molekuli za maji zenyewe hutawanya mwanga kidogo. Ndiyo maana standadi huandikwa "chini ya 0.1", si "0".

Mita imekataa ugezi. Imekufa?

Mara chache. Kagua kwa mpangilio huu: kichupa kichafu au kimegeuzwa vibaya, standadi haikuchanganywa, zamu ya standadi imekosewa, kifuniko hakijafungwa, betri dhaifu, unyevu ndani ya shimo la kichupa. Hilo la mwisho linasahaulika sana. Mtu akiingiza kichupa chenye maji nje, tone hubaki chini ya shimo na kupotosha kila kitu. Kausha kwa kitambaa laini, acha wazi kwenye kivuli kikavu, jaribu tena. Taa na kihisi vishukiwe mwisho.

Namna sahihi ya kuchukua sampuli na kusoma ni ipi?

Bombani, fungua maji yatiririke dakika chache ili yaliyolala kwenye bomba yatoke, kisha punguza mkondo. Mtoni, chota pale maji yanapotembea, ukielekeza mdomo wa chombo kwenye mkondo, bila kuvuruga tope la chini kwa miguu. Ukiwa kwenye kidakio, pale mtambo unapochukulia maji ya mto, chota kabla mtu hajaingia kusafisha chekeche. Sampuli iliyochotwa nyuma ya fundi anayekanyaga matope inapima miguu ya fundi.

Suuza chombo mara tatu kwa maji unayotaka kuyapima. Changanya sampuli kwa kuipindua taratibu, usiitikise kwa nguvu. Suuza na kichupa, kisha mimina maji yakitiririka ukutani mwa kichupa hadi kwenye mstari, funga. Kausha, futa, paka mafuta, kagua kwenye mwanga, ingiza kwa alama, funga kifuniko, soma.

Soma mapema. Chembe nzito za mchanga huanza kuzama mara moja, na ukiongea na simu dakika tatu utapima maji ya juu tu. Kwa maji ya kawaida chukua masomo matatu, ukikipindua kichupa taratibu kila baada ya somo moja, na uandike wastani. Ikiwa haiwezekani kupima palepale, weka sampuli gizani kwenye baridi, na isipite saa 24.

Kuna ulazima wa mafuta ya silikoni?

Chini ya 5 NTU, ndiyo. Mikwaruzo midogo isiyoonekana hutawanya mwanga kama chembe, na mafuta huijaza. Juu ya 50 NTU hutaona tofauti kubwa. Yatumie kidogo, kichupa kikiteleza mkononi umezidisha. Mafuta ya kupikia au ya kujipaka si mbadala.

Namba inacheza, haitulii.

Angalia mapovu kwanza. Maji baridi yakiingia kwenye kichupa cha joto hutoa vipovu vinavyong'ang'ania ukutani. Gonga kichupa taratibu kwa kucha, subiri nusu dakika, soma tena. Kisha angalia umande: sampuli kutoka kwenye kisanduku cha barafu ikitolewa kwenye hewa ya Mombasa au Dar es Salaam, kioo kinapata ukungu nje ndani ya sekunde chache. Iache ipate joto kidogo, futa, soma. Kama si mapovu wala umande, ni punje kubwa zinazopita mbele ya mwanga. Tumia hali ya wastani ya mita kama unayo.

Maji ya bombani yanayotoka meupe kama maziwa kisha kusafika kuanzia chini kwenda juu ni hewa tu. Tope halipandi juu likayeyuka.

Maji ya kisima kirefu yalitoka maangavu, baada ya nusu saa mita inasoma 30 NTU. Nani mwongo?

Hakuna mwongo. Maji hayo yana chuma. Chini ya ardhi, pasipo hewa, chuma kimeyeyuka na hakionekani. Yakifika juu na kukutana na oksijeni, kinageuka kutu laini inayoelea. Ukitazama kichupa utaona kwanza rangi hafifu ya manjano, kisha ukungu wa rangi ya chungwa, na mwisho unga mwekundu unatua chini. Soma mara mbili: punde tu maji yanapotoka, na tena baada ya nusu saa. Andika zote mbili pamoja na saa. Tofauti hiyo inamweleza mhandisi kwamba kisima kinahitaji kupitishwa hewani na kuchujwa kabla ya klorini, jambo ambalo namba moja isingemweleza.

Maji yetu yana rangi ya kahawia kutoka kwenye kinamasi lakini mita inasema 3 NTU.

Rangi na tope ni vitu viwili. Mboji iliyoyeyuka hunyonya mwanga badala ya kuutawanya, na mita ya mwanga mweupe inaweza hata kusoma chini ya ukweli. Chuja sampuli kwa karatasi ya chujio: rangi ikibaki, ni rangi ya kweli. Usiyaidhinishe maji hayo kwa sababu ya ile 3. Mboji hiyo itakula klorini.

Mto umefurika na mita inaonyesha imezidi upeo.

Zimua. Chukua mililita 10 za sampuli iliyochanganywa vizuri, ongeza maji maangavu yenye tope la chini unalolijua mpaka zifike mililita 100, soma, zidisha kwa 10. Andika kwamba umezimua.

Ogopa zaidi pale mita isiposema imezidi. Maji mazito sana hujizuia yenyewe: mwanga unamezwa kabla haujafika kwenye kihisi, na namba inashuka badala ya kupanda. Mito kama Sabaki, inayopaka bahari ya Malindi rangi ya kahawia msimu wa mvua, inaweza kukufikisha huko. Njia ya kujua ni rahisi. Zimua sampuli nusu kwa nusu. Namba ikishuka karibu nusu, uko sawa. Ikibaki palepale au ikipanda, zimua tena mpaka itii.

Kwa mitambo inayotegemea mito, kama ile ya Ruvu inayolisha Dar es Salaam, saa za kwanza za mafuriko ndizo zenye thamani kubwa kwa mpimaji. Tope hupanda haraka kuliko maji yenyewe yanavyopungua baadaye, na dozi ya shabu ya jana haitatosha leo. Kwa mtambo mdogo wa mtoni ningepima kila saa mvua inaponyesha juu ya bonde, hata kama pale ulipo jua linawaka.

Mita inaweza kunisaidia kupanga dozi ya shabu?

Ndiyo, na hii ni kazi inayolipa gharama yake. Weka maji yaleyale ya mto kwenye vyombo sita, kila kimoja dozi tofauti ya shabu. Koroga kwa kasi dakika moja, kisha polepole dakika 15 hadi 20, acha yatulie nusu saa. Nyonya maji ya juu bila kugusa mashapo, pima kila kimoja. Chagua dozi ndogo kuliko zote inayokupa maji mazuri. Utaona kwamba baada ya kiwango fulani kuongeza shabu kunarudisha tope juu. Bila mita, wengi hupita hapo wakidhani wanaboresha.

Naweza kugeuza NTU kuwa miligramu za udongo kwa lita?

Si kwa kanuni ya jumla. Mfinyanzi laini hutawanya mwanga mwingi kwa uzito mdogo. Mchanga ni kinyume. Kwa mto wako mmoja unaweza kujenga uhusiano kwa kuchuja, kukausha na kupima uzito wa sampuli nyingi za kiangazi na masika. Usiukopeshe mto mwingine.

Niandike desimali ngapi?

Utaratibu unaotumika maabara: chini ya 1 NTU, kwa hatua za 0.05. Kati ya 1 na 10, desimali moja. Kati ya 10 na 40, namba kamili. Kati ya 40 na 100, hatua za 5. Hadi 400, hatua za 10. Hadi 1000, hatua za 50. Ukiandika 347.62 unadai usahihi ambao hata standadi yako haina.

Hatuna mita. Lile bomba la plastiki lenye alama chini linafaa?

Linafaa kwa maji ya tope. Unamimina maji taratibu mpaka alama ya chini isionekane, kisha unasoma ubavuni. Mengi hayashuki chini ya 5 NTU, kwa hiyo linaweza kukuambia maji hayafai kuwekwa klorini, lakini haliwezi kukuthibitishia 1 NTU. Lisome mwanga wa mchana, kivulini, bila miwani ya jua. Jumuiya yenye bomba hilo na daftari linalojazwa kila siku naiheshimu kuliko yenye mita iliyofungiwa kabatini.

Vichupa visafishwe vipi?

Mara baada ya kazi, kabla tope halijakauka: sabuni isiyo na fosfeti, sponji laini, suuza mara nyingi kwa maji yaliyokenekwa, anika ukiwa umevifunika vumbi lisiingie. Usitumie brashi ngumu, mchanga wala jivu. Doa la kutu au shabu linatoka kwa kuloweka kwenye asidi haidrokloriki ya asilimia 10, ukivaa glavu na miwani, na ukitia asidi kwenye maji, si maji kwenye asidi. Kichupa kilichokwaruzika kitupe.

Vichupa viwili vipya kutoka pakiti moja vinaweza kutofautiana. Jaza vyote maji yaleyale maangavu, soma kila kimoja, na tenga kile kinachosoma chini kwa ajili ya maji yaliyotibiwa. Kizungushe kidogo kidogo ndani ya mita utafute upande unaosoma chini zaidi, uweke alama hapo kwenye shingo, na ukitumie hivyo daima.

Mita yetu inasoma 2.1, maabara ya wilaya wamesoma 1.2 kwa sampuli ileile. Tumwamini nani?

Kwanza ulizeni kama kweli ni ileile. Iliyosafiri saa sita juu ya pikipiki imetulia, imepata joto, pengine chembe zake zimeshikana. Ulizeni pia kama wao wanasoma FNU na ninyi NTU.

Yote yakiwa sawa, kutaneni meza moja. Standadi yenu ya uhakiki isomwe kwenye mita zote mbili, kisha standadi yao isomwe kwenye zote mbili. Mita ikikosea kwenye standadi zote mbili, ndiyo yenye tatizo, ifanyiwe ugezi. Standadi ikikosewa na mita zote mbili, itupwe. Mita zote zikipatana kwenye standadi zote, rudini mtoni pamoja, jazeni ndoo moja, kila mtu achote humo kwa kichupa chake. Tofauti ikijitokeza hapo, badilishaneni vichupa kabla ya kubadilishana maneno. Kwenye maji ya chini ya 3 NTU, mara nyingi ni kioo.